Seva iliyoungua mara tatu, na chanzo nilichoshindwa kukiandika kwenye fomu

Wakuu, kwema huko?

Nnayoandika hapa ni ya kweli tupu. Ningekuwa natunga ningejitafutia sehemu nzuri zaidi, maana humu ndani mie nimetoka mjinga.

Mie ni fundi wa seva, nnakaa Kikwajuni. Kampuni yetu iko Dar, na Unguja nzima fundi wao ni mie peke yangu. Sheria yao ni moja: ukishatengeneza mashine, unajaza fomu, unaandika chanzo cha tatizo, mteja anatia saini. Hapo ndo call, yaani kazi uliyoitiwa, inafungwa.

Sasa kuna ofisi moja Mji Mkongwe, siitaji. Seva yao iliunguza power supply, kile kifaa kinachoipa umeme, mara mbili ndani ya miezi miwili. Mara zote mbili niliandika "umeme kukatika". Log, yaani kumbukumbu za mashine, zinaonesha umeme ulikatika, nani atabisha?

Ikaungua ya tatu. Kifaa kikaja na boti, na bosi akanipigia: "Call hii ifunge Ijumaa hii hii, na chanzo cha kweli. Ikirudi ya nne, mkataba wako hatuuendelezi."

Na mke wangu Rukia ana mimba ya miezi saba. Nilikosa hata hamu ya kula.

Kabla sijaendelea, mjue kitu kimoja. Mhudumu wa ofisi ile, mwenye funguo zote na mpika chai, ni Bi Salma. Na Bi Salma ni mama mzazi wa Rukia. Unguja ndogo hii, msishangae.

Basi Ijumaa nikaenda. Kufika saa tano nshamaliza, taa zote kijani. Nikamwambia mkuu wa ofisi, Mzee Haji, imebaki fomu tu. Akatazama saa.

"Tukaswali kwanza. Tukirudi ntatia saini."

Watu wakatoka. Nshafika njiani nikakumbuka kofia yangu, nimeiacha juu ya seva. Nikarudi mbio.

Naingia tu, nasikia feni za seva zinashuka... vuuuuu... kimya.

Jamani!

Nikatokea ukumbini. Mama mkwe yuko pale, kashajifunga mtandio, mkono uko kwenye swichi kuu ya ukutani.

"Mama, umeme umekatika?"

"Haukukatika, nimeuzima. Kila Ijumaa nazima. Ofisi haina mtu, kitu kinawakaje?"

"Na ukirudi?"

"Nawasha. Ikiwa haijashika vizuri naipiga mara mbili tatu, mpaka AC zote zingurume."

Mara mbili tatu! Na UPS yao, ya kuishikilia seva umeme ukikatika, betri ilishakufa zamani, imebaki boksi.

Haya, niambieni nyie mliooa. Kwetu mama mkwe humkanyi, hata macho unayainamisha. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Ahsante, mama."

AHSANTE! Mtu kaniunguzia power supply tatu, nami namshukuru.

Nikachomoa waya wa seva kimyakimya, isije ikaungua tena akirudi kuwasha, nikachukua kofia, nikaenda msikitini. Khutba sikuisikia hata neno.

Saa nane umeme umewashwa, seva nimeichomeka tena, nami nimekaa na fomu. Kumtaja siwezi. Kuandika uongo mara ya tatu, mkataba unakwenda. Nikaandika: "Swichi kuu huzimwa na kuwashwa kila Ijumaa seva ikiwa inafanya kazi." Bila jina. Nikajiona nina akili kweli.

Mzee Haji akavaa miwani, akaisoma kwa sauti, ofisi nzima inasikia. Kisha akauliza: "Nani anazima?"

Mmoja anatazama dari. Mwengine ghafla ana kazi kwenye kompyuta ambayo haijawashwa. Mie nnahesabu vigae vya chini.

Bi Salma akaweka sinia la chai mezani. "Mie nazima. Na wewe Haji ndo uliyenambia nizime, mwaka tuliohamia jengo hili, hata seva hiyo haijaja. Umesahau?"

Looh! Mzee akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. Akatia saini bila kusoma mara ya pili.

Call imefungwa, mkataba umepona. Nilitaka kuruka kwa furaha.

Mama mkwe akanisogelea, akasema taratibu, bila hasira: "Mwanangu, mara tatu umekuja hapa, na chai yangu umeinywa mara zote tatu. Mashine umeifungua mpaka utumbo. Mie hukuniuliza hata siku moja. Na leo umejua tangu kabla ya swala, ukanambia ahsante, kisha ukenda kuniandika."

Wakuu, niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Nilikuwa najisifu kwamba ile ni adabu, kumbe woga mtupu.

Nikamwomba radhi. Akanambia, "Haya, nionyeshe hiyo mashine inavyozimwa." Nikamwonyesha. Alielewa kwa dakika kumi, na akauliza kwa nini hakuna aliyenunua betri ya UPS. Mzee Haji akajifanya anapokea simu.

Funzo nililopata: ukifika site, kabla ya kushika bisibisi, kaa na mwenye funguo umuulize siku yake inakwendaje. Na ukiwa na neno na mtu mzima, mpelekee yeye mwenyewe kabla ya kulipeleka kwenye karatasi.

Mafundi wenzangu, nani humu kashakutana na chanzo cha tatizo kinachomwita "mwanangu"? Tiririkeni hapo chini. Na wenye ndoa za muda mrefu nipeni mbinu haraka, maana mama mkwe kashanisamehe, ila Rukia leo siku ya tatu ananipakulia chakula bila kunitazama.