Mtunza Panya na Chupa za Maji

Yule mzee anayetunza panya wa maabara yetu nilikuwa simwamini hata chembe. Panya hao tunawalisha mafuta na sukari kwa miezi, mpaka kongosho lichoke na kisukari kikomae kama cha mtu aliyeugua miaka mingi. Kuwapima damu mkiani ni kazi yangu. Yake ni kusafisha vizimba. Lakini kila asubuhi, kabla sijawasha kipimo, yeye hupita taratibu, mikono nyuma, akinong'ona: "Huyu bado. Huyu bado. Huyu ameshafika." Na kipimo hakijawahi kumuumbua. Nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Mzee huyu anatuharibia utafiti, kuna kitu anawapa.

Jana mchana, alipokuwa akisafisha vizimba, nikamvizia nyuma ya kabati. Aliyaminya maranda ya kizimbani kuona yamelowa mkojo kiasi gani, akayanusa, kisha akainua chupa ya maji kwenye mwanga kuona imepungua wapi. Basi. Hakugusa kingine. Nikajitokeza kwa aibu, nikijifanya natafuta glavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Hakunitazama usoni. Alichukua chupa yangu ya maji mkononi mwangu, akaiinua kwenye mwanga vilevile.

"Hii umeijaza mara tatu tangu asubuhi," alisema polepole. "Na chooni nimekuona ukienda mara nne. Leo anza kujipima wewe."

Nikacheka, nikamngoja aseme, "Huyu bado."

Hakusema.