Bafta ya Mavyaa Wangu

Mara ya kwanza mume wangu kunitazama vizuri, hakunitazama uso. Alitazama kanga. Tulikuwa bado ndani ya fungate, nimejipamba, nimekaa macho chini kama nilivyofundishwa na somo yangu, naye akaushika upindo wa kanga yangu kwa vidole viwili, akausugua, kisha akaupeleka shavuni.

"Hii bado ina gundi ya dukani," akasema. "Ikifuliwa mwaka mzima itakuwa nzuri."

Nilitamani kumpiga teke.

Kazi yake ilikuwa kupiga polishi magari. Tulikaa Nguvumali, kwenye nyumba ya udongo yenye banda la makuti ubavuni, na humo bandani yaliingia magari ya watu na vumbi jekundu la njia ya Horohoro, rangi imepauka kwa jua na chumvi. Yalitoka mengine kabisa. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, gari lilikuwa kitu cha watu wachache, na wengi waliolisafisha walikuwa na kitambaa kimoja, cha magurudumu hichohicho, cha vioo hichohicho. Mume wangu alikuwa na ukoo mzima wa vitambaa.

Rangi iliyochoka aliianza kwa ngozi ya kondoo yenye sufu, pamoja na dawa ya kusugulia. Ngozi ina meno, alisema, inakula. Kwa hiyo haikai mahali pamoja. Ikishaondoa ukungu aliiweka kando, na haikugusa tena rangi ile hata ungemlilia. Ndipo ikaja flaneli, kufuta alama zilizoachwa na ngozi. Mwisho kabisa, nta ikishapakwa na kukauka, ilikuja bafta, ile pamba nyeupe nyembamba, iliyofuliwa mpaka imesahau kiwanda. Kila kitambaa alikikata upindo, maana uzi wa cherehani unakwaruza. Kilichoanguka chini hakikurudi garini, hata kama pamefagiwa sasa hivi. Kilikuja jikoni kwangu. Nadhani mtaa mzima ni mimi peke yangu niliyekuwa naipua sufuria kwa flaneli.

Na alijua wakati wa kubadili. Mimi ningeapa kitambaa bado kizima, yeye mkono wake umekwisha kumwambia kuwa kimeshiba. Kitambaa kilichoshiba hakifuti tena, alisema, kinahamisha uchafu tu. Alikigeuza upande wa pili, halafu akakitupa kwenye beseni na kuchukua kingine, bila haraka na bila choyo. Nilikaa mlangoni na ungo wangu wa mchele, nikijifanya nachagua mawe, kumbe namtazama yeye. Sioni haya kusema. Nilizipenda kazi za mikono ile kabla sijampenda mwenyewe.

Mavyaa wangu, mama yake, alikuwa ameletwa kutoka Maramba kuja kukaa nasi. Mimi naye tulikuwa kama jiko na moshi. Chumvi yangu ilikuwa nyingi, ufagio wangu ulikuwa mvivu. Lakini alikuwa mwanamke safi, hilo nalikubali hata leo. Nguo zote za nyumba ile alizifua yeye, na kanzu za marehemu mume wake, alikuwa akinisimulia, alizitia wanga wa muhogo mpaka zikasimama zenyewe. Ndani ya kasha lake mlikuwa na bafta iliyokunjwa katika majani ya rehani. Ilikuwa sanda yake. Aliinunua mwenyewe kwa mihogo ya shamba lake, na kila mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, aliitoa, akaifua, akaianika, akairudisha. Wazee wengi walifanya hivyo. Hakuna aliyeshangaa.

Basi, masika moja, tajiri mmoja wa Kihindi mwenye maduka mjini akaleta gari lake jeusi. Binti yake alikuwa anaolewa, na gari hilo ndilo la kumchukua bibi harusi. Alimwambia mume wangu wazi: likinipendeza, magari yangu yote ni yako kuyatunza, lisiponipendeza, tusijuane. Nasi tulikuwa ukingoni. Kazi ilikuwa haba, na mume wangu alikuwa amekwisha kuniambia kwamba isipopatikana ya kudumu atarudi kukata mkonge, kule alikotoka na makovu ya miiba mikononi. Kwa mikono ile, kukata mkonge! Nilisali kwa ajili ya gari lile kuliko nilivyowahi kusali kwa ajili yangu.

Siku ya kwanza alimaliza ngozi na flaneli. Gari jeusi halisamehe. Kila mstari unaonekana. Jioni aliridhika, akapaka nta ikae mpaka asubuhi, akampa mama yake bafta zake zote amfulie kwa ajili ya siku ya pili. "Hizi za harusi, mama," akamwambia kwa furaha.

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha ile ya kutokata. Bafta zilikuwa mkekani, zimekunjwa, zimepigwa pasi, nyeupe pe. Mume wangu akachukua ya juu, akaipeleka shavuni. Akachukua ya pili, na ya tatu. Zilikuwa ngumu kama kofia mpya.

"Mama," akauliza taratibu, "umezitia nini?"

"Wanga, mwanangu. Si umesema za harusi? Ungetaka ziende zimelegea kama matambara, watu watuone hatuna adabu?"

Mimi kwa hasira zangu nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Mume wangu akanitazama mara moja tu, nikaufunga. Hakumwambia mama yake neno baya. Alimweleza, kwa sauti ya upole, kama anavyoongea na rangi akiwa kazini, kwamba wanga ukikauka unakuwa chembechembe, na chembe moja juu ya rangi nyeusi ni msumari. Mavyaa akakaa chini. Sijapata kumwona amekaa vile, mikono imelala mapajani haina kazi.

Tulihangaika. Nilizifua upya, lakini kwa mvua ile hakukuwa na jua la kukausha, na tulipojaribu pasi ya mkaa, wanga uliobaki ukaungulia kwenye nyuzi. Flaneli zilikuwa zimelewa dawa. Kanga zangu zote zilikuwa mpya, za harusi yangu, na gundi yake. Nilikimbia kwa majirani, nikarudi na kanga kuukuu zenye viraka na mashono. Akazipitisha shavuni, akanirudishia kwa shukrani. Gari lilisimama bandani na nta yake imeganda, limefunikwa utando kama mtoto wa jicho. Bibi harusi alikuwa atoke baada ya alasiri.

Mavyaa akainuka, akaingia chumbani. Tulisikia kasha likifunguka. Alipotoka, harufu ya rehani ilimtangulia.

"Shika."

Mume wangu alirudi nyuma. "Mama, hiyo ni nguo yako."

"Naijua ni yangu. Nitaivaa siku ambayo sitaiona. Harusi ya watu ni leo."

"Watu watasemaje?"

"Watajuaje? Au mkaza mwana wangu ana mdomo?" Akanigeukia. Ninao, na siku zile ulijulikana mtaa mzima, lakini hilo nimelifungia mpaka wote waliohusika wamekwisha kufukiwa.

Mume wangu hakuweza kuichana. Aliishika tu, kaiweka shavuni, machozi yanashuka juu yake, na mavyaa akamnyang'anya. "Usiilowanishe," akamwambia. Akaanza upindo kwa meno, kisha akavuta, ikachanika moja kwa moja, chaaa, mpaka mwisho. Akachana kipande baada ya kipande, na kila ukingo wenye uzi mgumu aliung'ata akautema, kana kwamba kazi ile ameifanya maisha yake yote.

Sijaona tena polishi kama ile. Alianza na boneti, duara ndogondogo, hasukumi, anaacha kitambaa kitembee chenyewe. Kikianza kuwa na nta anakunja, anageuza, anaomba kingine, na mavyaa yuko ubavuni anampa mkononi bila kuulizwa. Akawa anajua wakati wa kubadili kumpita mwanawe. Utando ukaondoka na weusi ukaja juu, mzito, wa kina. Walipofika mlango wa nyuma, mavyaa alijiona humo mzimamzima. Akajitazama kidogo, akaiweka sawa kanga ya kichwani.

Tajiri alikuja mvua imepungua. Alilizunguka gari, akainama, akajitazama kwenye madigadi, akanusa. "Rehani," akasema, akatabasamu. Alidhani tumelitia kwa ajili ya harusi. Kisha akasema, "Kesho nitaleta na lile jingine." Mkonge haukutajwa tena nyumbani kwetu.

Toka siku ile sikumjibu mavyaa kuhusu chumvi. Nilipunguza.

Mume wangu alinunua bafta nyingine. Mavyaa akamcheka: "Wanifukuza?" Lakini akaipokea, na kila Shaabani mume wangu akaifua yeye mwenyewe. Hakuniruhusu mimi wala mama yake. Alikaa kwenye kibao uani, mwanamume mzima, akiisuuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia, na majirani wanamcheka, naye hawasikii. Aliianika chumbani, mbali na vumbi. Miaka ilipita, ikawa laini, ikawa laini zaidi.

Mavyaa alipofariki, wanawake waliokuwa wakimwosha walinituma nje kwenda kuchukua sanda. Mume wangu alikuwa amelikalia kasha lenye sanda, amezungukwa na watu pande zote wanaompa pole. Akainuka, akaitoa. Akaiweka shavuni mbele ya wote, upande huu, kisha upande wa pili. Akapitisha kiganja pindoni, polepole, mpaka akakuta uzi mmoja umejikunja. Akaukata kwa meno.

"Sasa mpelekee," akaniambia.