Upondo wa Hamisi na Antena ya Bi Mwanahawa

Nyie mnaonicheka nikipita pale Tandika, chekeni tu, nimeshazoea, maana aibu niliyoipata mie siku ile hata nikihamia Chanika itanifuata.

Mume wangu Hamisi alikuwa mwanariadha wa michezo kumi (majirani wakiniuliza, "Sasa mumeo hasa anacheza nini?" nawajibu, "Vyote"), anakimbia, anaruka, anatupa tufe na mkuki, na viunzi vya kuruka alijichongea mwenyewe kwa mbao za makasha, akitoka kazini bandarini anajifua mpaka giza linaingia, alfajiri yuko tena uwanjani, na mie kila nikimwangalia naona fahari mpaka machozi yananilenga. Mwaka ule kukawa na mashindano ya siku mbili ya kuchagua timu ya kwenda nje, na kwa umri wake hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Akalala kambini, upondo wake, ule mti mrefu wa kurukia juu, akaniachia mie niupeleke siku ya pili, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine nao.

Sasa televisheni ndo kwanza zinaingia Dar, mtaani anayo Bi Mwanahawa peke yake, tukasikia taarifa ya habari itaonyesha mashindano, tukawasha, chenga tupu. Fundi Saidi akasema antena iko chini mno. Nikautazama upondo umelala nje ukutani kwangu, nikajisemea, kwani utapungua? Fundi akaifunga antena kwenye ncha kwa waya, akausimamisha, picha ikatulia, Hamisi huyo anatupa tufe, mtaa mzima vigelegele, na mie kichwa kikavimba.

Asubuhi Fundi Saidi kaondoka na koleo lake, kaenda kazini Mbagala. Tukajaribu kisu, tukajaribu meno, waya haulegei, muda unakwenda, nikasema twende hivyo hivyo. Basi nikaingia uwanjani na mwenye mkokoteni, antena imetangulia mbele, waya unaburuzika nyuma umezoa majani na mifuko ya nailoni, jukwaa zima likaangua kicheko. Msemaji naye kwenye kipaza sauti, "Dada wa antena, asante, ila huku hatuna televisheni." Nilitamani ardhi ipasuke.

Hamisi walishamwita mara mbili hana cha kurukia, imebaki mara moja tu. Nikajua atanifokea mbele za watu, na ningestahili. Akautazama ule waya.

"Nani kafunga?"

"Fundi Saidi."

"Kafunga vizuri," akasema, akaazima koleo kwa fundi umeme wa uwanja, akakata, akanikabidhi antena. "Nishikie, mke wangu, ya watu hiyo."

Kisha akakimbia, upondo ukapinda, akapaa, na kile kicheko kikakatika katikati, akaangukia kwenye sponji na kijiti alichokivuka kiko pale pale juu. Jioni, michezo yote kumi ilipokwisha, timu akaingia. Mie nililia nimekumbatia antena.

Usiku ule televisheni ikaonyesha mruko wake, ila mtaani kwetu hakuna aliyeuona, kwa Bi Mwanahawa chenga zilikuwa zimerudi. Aliyeona ni mama yangu, kule Tabata, na asubuhi akawa mlangoni kwangu, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mumeo nimemwona, mwanamume yule, Mungu amtunze," akasema. "Sasa wewe ile antena ulikuwa unampelekea nani?"

Toka siku hiyo kitu cha Hamisi sikigusi, hata mkuki wake, ambao (msije mkamwambia) ndio nilikuwaga naanikia kanga.