Kimea cha Mama

Leo sokoni Makambako nimeinamia gunia la kimea, na ile harufu tamu yenye uchachu imenirudishia kishindo cha viatu vya tarishi wa jumbe uani kwetu.

Ulikuwa wakati wa vita vya Wazungu. Baba alikuwa amechukuliwa na jeshi, na sasa nafaka nayo ilitakiwa kwa askari. Mama aliposikia tarishi amefika Kichiwa, kijiji cha jirani, aliloweka ulezi wetu wote, akaufunika kwa majani nyuma ya jiko.

Siku tatu baadaye tarishi aliingia uani kwetu, akafunua majani, akachota. Vijimizizi vyeupe vikamganda vidoleni.

“Mama, huu umeshaota. Jeshi halipokei kimea.”

“Nilitaka kupika pombe, bwana.”

“Pombe imekatazwa. Unajua kuna kifungo?”

Mama alinivuta ubavuni. “Basi nifunge. Huyu utamlisha wewe.”

Tarishi aliurudisha ulezi polepole, akaufunika tena.

“Kila nyumba tunaiachia mbegu, mama. Ya kwako iko wapi?”

Mama aliyatazama yale majani; mbegu nayo ilikuwa humo.

Mvua zilipoanza, majirani walitoka na majembe. Sisi tulikaa jikoni, tukinywa uji wa kimea kidogokidogo.