Siku nilikuwa Chlorine, na elektroni ikawa ndama

Wakuu, amosou, nawasalimu. Wazee wenzangu, na nyinyi vijana wa bundles pia.

Hii sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa ndani yake. Nilikuwa Chlorine.

Ni miaka ya sitini, uhuru bado mbichi. Niko Form Two kwa shule moja ya Harambee karibu na Mbita. Baba, mkulima wa Kisegi, ndiye alinilipia karo. Ndugu yake, baba mdogo, alikuwa anaimba kila siku kwamba kusomesha msichana ni kunenepesha ng'ombe wa jirani. Alikuwa ashaanza kunitafutia bwana.

Mwalimu wetu wa chemistry alikuwa kijana wa Pwani. Dholuo hajui, mila zetu hajui, roho safi kabisa.

Siku ya wazazi akataka kuonyesha ionic bonding kwa uwanja, sisi wanafunzi tukiigiza atomi. Sodium, akasema, ana elektroni moja huko nje, anataka kuitoa. Chlorine ana saba, anatafuta ya nane. Sodium akishatoa anakuwa positive, Chlorine akipokea anakuwa negative, wanavutana. Ndio chumvi mnakula.

Sasa elektroni lazima ionekane mpaka nyuma. Mwalimu akachukua ndama wa shule awe elektroni.

Wajaluo mmeshaona shida iko wapi.

Kwa wageni: kwetu mahari ni ng'ombe. Sodium alikuwa kijana wa Sori, mrefu, mwenye haya. Akavuta huyo ndama mbele ya wazee wote, akanipa kamba mkononi. Mwalimu akatangaza, "Sasa hawa wameungana! Kuwatenganisha si rahisi!"

Akina mama wakapiga vigelegele.

Baba mdogo akasimama. "Imeisha. Ameolewa mbele ya watu. Karo ni ya nini tena?" Wazee kadhaa wakaitikia.

Wakuu, niliogopa. Shule ndiyo hiyo inaenda, na kamba bado nimeishika. Sikujua kama kuiachilia ni adabu.

Baba hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwalimu, hiyo kitu yako haitengani kabisa?"

Mwalimu, jasho linamtiririka, akasema ikiingia kwa maji inatengana. Kila ion inashika njia yake.

Baba akaenda kwa pipa, akajaza ndoo. Nusu akamwagia Sodium. Nusu ingine mimi, na uniform yangu.

"Omera," akamwambia ndugu yake, "umeona mwenyewe. Wameachana. Huyu ni mwanafunzi."

Baba mdogo akakaa chini. Hakuwa amesoma chemistry.

Nilirudi kukaa nikitetemeka kwa baridi, na nilikuwa na furaha, wacheni tu.

Somo nililopata ni hili: mila ikikushika mbele ya watu, ifunguliwe mbele ya watu hao hao. Ukienda kulalamika nyumbani umechelewa.

Nilimaliza shule, nikawa mwalimu. Mzazi wa kwanza kuniletea binti yake nimfundishe alikuwa baba mdogo.

Haya, na nyinyi mlifundishwa bonding na nini? Semeni ukweli, hapa hakuna anayemwagiwa maji.