Siku Nilipomtetea Baba Bandani

Harufu ya majani ya kabichi yaliyoanza kuoza, yale ya nje yanayobanduliwa na kutupwa chini, bado inanifanya nigeuze uso. Wiki iliyopita nilikuwa narudi kutoka swala ya alasiri nikapita mahali ambapo vijana hufunga mboga za kupeleka Dar es Salaam. Walikuwa wameacha kazi, wanabishana ni mchezaji gani mbovu kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya klabu yao ya mjini. Mmoja alitaja beki wa zamani, mwingine akamtaja mshambuliaji, wa tatu akasema, "Yule hata ungemwondolea kipa na mabeki, angepiga kona." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Waliponiona wakanyamaza, wakaniamkia shikamoo kwa adabu zote. Niliitikia marahaba nikaendelea na njia yangu, lakini ile harufu ilikuwa imekwisha kunipata.

Sisi wa huku juu ya mji wa Lushoto tulikuwa na timu yetu nilipokuwa mtoto. Iliitwa Ukungu. Uwanja wake ulichongwa ubavuni mwa mlima, hivyo nyuma ya goli moja kulikuwa na ukuta wa udongo mwekundu, na nyuma ya goli la pili hakukuwa na kitu ila bonde. Mpira ukipita juu ya goli hilo la pili ulidunda kwenye mashamba ya watu, ukapita migomba, ukaishia mtoni. Na sheria ya pale ilikuwa moja tu, haikuandikwa popote wala haikuvunjwa: aliyeupiga ndiye anayeufuata.

Kila mwaka, Ijumaa ya kwanza baada ya mashindano kumalizika, wanaume walitoka msikitini wakaenda moja kwa moja kwenye banda la kufungia mboga. Mikono ikibandua majani ya kabichi na kupanga karoti kwenye matenga, midomo ilichagua kikosi. Si kikosi cha mashujaa, hao hawakuwa na wa kuwahoji. Walichagua Kumi na Moja Wabovu wa Ukungu wa miaka yote, kuanzia kipa hadi winga, na juu yao nahodha. Jina la nahodha liliandikwa kwa mkaa kwenye mbao za banda, likakaa hapo mwaka mzima, na kila aliyepita na mzigo wake alilisoma.

Msimamizi alikuwa Mzee Singano, fundi cherehani, aliyekumbuka kila mechi kama wengine wanavyokumbuka misiba. Yeye ndiye aliyeshikilia utaratibu wa mtetezi. Hakuna mchezaji aliyetiwa muhuri kabla ya mtu wa damu yake kusimama na kuulizwa, "Una la kumtetea?" Asipopatikana ndugu, mchezaji huyo aliachwa mpaka mwaka unaofuata. Kwa sababu hiyo akina mama wengi walituma watoto wao mbali siku hiyo, wengine kuni, wengine kwa shangazi, ilimradi wasipite karibu na banda.

Kwa miaka mingi nahodha alikuwa kipa mmoja aitwaye Bakari. Kosa lake lilikuwa kwamba katikati ya mechi mama mkwe wake alipita kando ya goli na mtungi kichwani, naye Bakari akageuka, akainama, akamwamkia kama inavyompasa mkwe. Mpira ukapita nyuma yake. Wazee walikiri kwamba adabu ilikuwa sahihi na goli lilikuwa halali. Hatimaye Bakari alihamia Bulwa kuchuma chai, na mwaka niliotimiza miaka kumi mdogo wake wa mwisho naye akamfuata. Bandani hapakuwa tena na mtu wa damu yake. Nafasi ya nahodha ikawa wazi.

Waliobaki ni wawili. Wa kwanza ni Juma, winga aliyejifunga goli. Wa pili ni baba yangu, Athumani.

Baba alikuwa mkulima wa karoti, mtu wa sauti ndogo. Ujanani alipewa penalti ya mwisho dhidi ya timu kutoka Muheza, kwenye lile goli la bondeni, Ukungu ikihitaji bao moja tu ichukue kikombe. Aliupiga mpira juu, ukaingia kwenye mawingu. Refa akapuliza kipenga cha kumaliza. Baba, kwa kuwa sheria ni sheria, akashuka bondeni kuutafuta. Aliporudi na mpira kwapani, amelowa mpaka kiunoni, uwanja ulikuwa mtupu, na wimbo wa watu wa Muheza ulikuwa unasikika kwa mbali kwenye lori lao likishuka kona za mlima.

Lakini kila mwaka alikwenda bandani. Aliketi kwenye tenga lililopinduliwa, akabandua kabichi na kucheka pamoja nao. Kuwa mmoja wa wale kumi na mmoja alikwisha kuzoea. Unahodha hakuutaka. Asubuhi ya Ijumaa ile nilimsikia akimwambia mama, kwa utani usio na kicheko, "Wakiandika jina langu pale nitapitisha wapi karoti zangu?"

Majuma mawili kabla ya hapo kulikuwa na Maulidi, nami nilichaguliwa kusoma Kurani mbele ya watu wote. Niliogopa hata nikashindwa kula. Baba alinichukua tukaoshe karoti mtoni. Tulipokuwa tumeinama, maji yakitukata vidole kwa baridi, aliinua kichwa akatazama juu ya njia, akatazama chini ya njia. Hapakuwa na mtu. Ndipo akasema, "Siku ile ya penalti niliogopa, mwanangu. Nilifumba macho. Sikuuona mpira wala goli. Wewe ukisimama, usifumbe. Nitafute mimi, nisomee mimi." Nikafanya hivyo. Nilisoma bila kukwama, na masheikh waliniombea dua. Mzee Singano mwenyewe alinishika kichwa, akasema, "Mtoto huyu ulimi wake ni wa kweli."

Sasa turudi bandani. Aliyetangulia kutetewa ni Juma. Dada yake, aliyekuwa akipima karoti, alisimama na kujifuta mikono kwenye khanga.

"Kaka yangu hakujifunga," alisema. "Aliuona mpira umechoka kuzunguka, akaurudisha nyumbani."

Banda zima likacheka, na Mzee Singano akapiga tenga kwa kiganja. "Ametetewa huyo! Mwacheni."

Yahaya, mpakiaji wa lori, mtu aliyeweza kukutania mpaka ukatafuta mlango, akamgeukia baba. "Basi amebaki bwana wetu. Athumani, ule mpira ulipopita mawinguni, ndege walikusalimia?"

"Walinisalimia," baba akajibu. "Hawakukuulizia wewe."

"Haya, nani wa damu yake?" akauliza Mzee Singano. Macho yakanikuta mimi, nimesimama na kisu cha kukatia mashina. "Mwalimu mdogo! Njoo. Una la kumtetea?"

Ninataka mniamini, nilisimama nia yangu ikiwa njema. Nilidhani wakijua sababu watamwonea huruma.

"Baba hakukosa kwa ubovu," nikasema. "Aliogopa."

Mtu mmoja akacheka. Kisha wawili. Sikuwa nimewahi kuwachekesha watu wazima. Kicheko kile kilinipanda kichwani kama joto la jiko.

"Aliogopa nini?" Yahaya akauliza, tayari anatabasamu.

"Alifumba macho! Hivi." Nikafumba macho, nikakimbia hatua tatu, nikapiga teke kabichi iliyokuwa chini. Ikaruka, ikampiga mtu tumboni. Kicheko kilichofuata sijakisikia tena maishani. Yahaya alikaa chini kabisa kwenye majani. Mzee Singano alivua kofia, akajipepea.

"Nani kakwambia hayo?"

"Yeye mwenyewe. Tena alisema miguu ilimtetemeka mpaka akajikojolea."

Hilo la mwisho baba hakuniambia. Nililiongeza mimi, pale pale, kwa sababu kicheko kilikuwa kimeanza kupungua.

Wakapiga mayowe. Nilipofumbua macho vizuri nilimwona baba. Tabasamu lilikuwa bado liko mdomoni, limebaki hapo peke yake, sehemu nyingine zote za uso zimeondoka.

Mzee Singano akainua mkono wakanyamaza. Alikuwa mtu wa haki katika mambo yake. "Athumani, mtoto ametoa ushahidi mzito. Ni kweli alivyosema? Ukikana, tunafuta."

Baba alinitazama. Angeweza kusema sehemu moja ni kweli na nyingine ni uongo. Mimi nilijua, yeye alijua. Akaweka chini kabichi aliyoishika.

"Mtoto huyu hasemi uongo," akasema.

Yahaya ndiye aliyeandika. Hakuandika Athumani. Aliandika FUMBA, kwa herufi kubwa kama milango, na tangu siku ile hilo ndilo likawa jina la baba sokoni, shambani, na hata kwa watoto waliozaliwa baadaye wasiojua limetoka wapi. Wakorofi waliongeza kuuliza kama suruali imekauka. Mwaka uliofuata hawakuwa na haja ya kuchagua nahodha wala kuita mtetezi. Walichora kwa mkaa juu ya jina lile lile. Baba hakwenda tena bandani. Karoti zake alizibeba kwa njia ya nyuma, yenye mteremko na utelezi, na mama alibeba pamoja naye.

Nilipokua nilikwenda kusoma dini kwa mwalimu aliyekuwa mpole na mkali kwa wakati mmoja. Siku moja tulifika kwenye somo la amana. Akatufundisha kwamba mtu akikuambia jambo huku akigeuka kutazama pembeni, jambo hilo tayari ni amana, hata kama hakukuomba ulifiche. Kugeuka kule kunatosha. Nilifunga kitabu, nikaomba ruhusa kutoka nje, na wenzangu wakadhani naumwa tumbo.

Nilimwendea baba kumwomba radhi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilimkuta anapalilia, nikasema yote, hata lile la uongo. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe. "Nilikusamehe siku ile ile," akasema, "ulikuwa bado mtoto." Na ilikuwa kweli. Hakunipiga, hakunisuta, aliniozesha kwa furaha, aliwabeba wanangu mgongoni. Namshukuru Mungu kwa baba yule mpaka leo, na kila baada ya swala namwombea.

Kwa miaka mingi nilidhani nilichompotezea ni heshima yake mbele ya watu. Sikuangalia vizuri. Kuanzia Ijumaa ile mpaka anafariki, baba alizungumza nami juu ya mvua, mbolea, bei ya karoti, na hali za wagonjwa wa jirani. Mama alipofariki nilimuuliza, "Tate, baba yangu, moyo wako unaendeleaje?" Akasema, "Sijambo, alhamdulillahi. Umekula?" Nikiinama naye mtoni hakuinua tena kichwa kutazama njia.

Ugonjwa wake wa mwisho ulimlaza hospitali siku kumi na tisa. Nilikaa naye zote. Nilimsomea Yasini, nilimwosha miguu, nilimgeuza kitandani. Kila nilipouliza alijibu hajambo. Alfajiri ya siku ya ishirini alifariki, nami nikawa nakunja shuka zake. Muuguzi mmoja, binti mgeni ambaye alikuwa hajamaliza hata mwezi katika wodi ile, akaja kunipa pole.

"Mzee wako alitulia moyo mwishoni, baba," akaniambia. "Zile siku za mwanzo alikuwa anaogopa sana. Kila ukitoka kwenda kuswali alinishika mkono akaniambia."