Unga Chini ya Bakuli

Mwaka uliofuata kifo cha baba, asubuhi moja mama alisogeza kikombe cha chai upande wangu akasema, "Kunywa wewe. Mimi nimefunga."

Miaka hii Kwaresima na Ramadhani zimekuwa zikiangukia kipindi kimoja, kwa hiyo sikushtuka. Nikamwambia hata Kwaresima watu wanakunywa chai, tena kwa umri wake padri hawezi kumlaumu.

"Si Kwaresima," akasema.

Mama alizaliwa Namasakata, Tunduru, katika ukoo wa Wayao wenye mashamba ya mikorosho, Waislamu tangu enzi za mababu. Baba alikuwa Mngoni wa Mjimwema hapa Songea, Mkatoliki, fundi seremala aliyekwenda Tunduru kuezeka madarasa akarudi na mchumba. Ili ndoa ifungwe kanisani, mama alibatizwa. Tangu nipate akili nilimwona akisali rozari, akifua vitambaa vya altare, akiwahimiza majirani waende kwenye jumuiya. Hatukuwahi kumuuliza aliacha nini nyuma yake. Tulidhani mtu akibatizwa, yaliyopita yamefutwa kama ubao.

Baba alipofariki, kaka yangu alibaki katika nyumba ya Mjimwema, na mama akaja kukaa kwangu Lizaboni. Sasa alikuwa ametandika mkeka chumbani, na alfajiri nilimsikia akijimwagia maji miguuni. Siku hiyo nilitembea mpaka kazini huku nimesahau kufunga mlango wa nyuma.

Kazi yangu ni kuuza vifaa vya ujenzi: misumari, mabati, rangi. Mwenye duka ni Mhindi mzee aliyezaliwa hapa hapa Songea. Nyuma ya kaunta, juu ya rafu ya makopo ya rangi, ana sanamu ndogo ya mungu mwenye kichwa cha tembo. Kila asubuhi kabla hatujauza chochote anavua viatu, anaweka ua moja, anawasha udi, anazungusha taa mara kadhaa. Nilipoanza kazi nilikuwa nikigeuza uso, maana nilifundishwa kwamba hiyo ni sanamu ya kuabudiwa. Halafu siku moja nilikumbuka kuwa nyumbani kwetu baba alikuwa akimwekea Bikira Maria maua ya plastiki, na akiyasahau mama anamgombeza. Tangu hapo nikaacha kugeuza uso. Mzee aliwahi kuniambia kwamba mungu huyo huombwa kwanza, kabla ya wengine wote, kwa sababu yeye ndiye anayeondoa vizuizi njiani.

Kaka alikuja Jumapili baada ya misa. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya mtaani kwake, na habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Mama, nasikia umebadili dini."

"Sijabadili. Nilibadili zamani, ulikuwa hujazaliwa."

"Na baba je?"

"Baba yenu niliahidi kukaa naye mpaka kifo. Nimekaa."

Kaka alitazama chini. Mikono yake ilikuwa inazungusha funguo za pikipiki, inazungusha, inazungusha. "Tulishaongea na parokia kuhusu nafasi ile pembeni ya kaburi la baba," akasema. "Sasa tutakuzika wapi?"

"Kumbe umeshaanza kunizika," mama akasema.

Kaka akasimama. Nilimsindikiza hadi barabarani, na pale niliona machozi, mtu mzima na ndevu zake. Alikuwa haogopi mama kuwa Mwislamu, aliniambia. Alikuwa anaogopa kwamba huko mbinguni baba atakaa anasubiri, mama asitokee.

Baada ya Idd mama akaniomba nimpeleke kwa kaka yake. Kwa Wayao mjomba ndiye anayesimama badala ya dada yake katika mambo yote, na huyu mjomba hakuhudhuria harusi ya mama, wala hakuwahi kukanyaga Songea. Nilimwona mara ya mwisho nikiwa darasa la tano.

Tulipofika alikuwa ameketi barazani akirekebisha mpini wa jembe. Nikapiga goti, nikamwambia, "Shikamoo mjomba." Akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, akachinja kuku. Hakumwambia mama neno lolote zito mpaka tulipomaliza kula. Ndipo akasema:

"Dada yangu. Umerudi kwa Mungu, au umerudi kwetu?"

"Kwani ni milango miwili?"

"Kwa Mungu umesharudi. Shahada umetamka, mmemalizana naye mwenyewe. Sisi bado."

Mjomba hakosi swala hata moja. Kigaga cha sijda kiko kwenye paji la uso wake. Lakini alitaka kumwaga mbepesi, yaani unga wa mtama wa kuwataarifu waliolala chini, penye kaburi la bibi nyuma ya nyumba. Imamu wa pale hapendi mambo hayo, akasema, na ana haki yake. "Mulungu ni mmoja, hana mwenzake. Lakini huyu aliondoka bila kumuaga mama yake. Nani atamwambia mama kwamba amerudi?"

Nilimwelewa haraka kuliko nilivyotaka. Baba, pamoja na rozari yake, hakuwahi kupandisha kenchi la kwanza la paa bila kumwaga pombe ya ugimbi kidogo chini kwa ajili ya mahoka, wazee wa Kingoni waliotangulia. Akishamwaga alifanya ishara ya msalaba na kusema, "Chapanga atutangulie," yaani Mungu. Tulikuwa tukicheka. Na sisi tunaomba kwa kupitia watakatifu, huyu wa vitu vilivyopotea, yule wa safari. Kila mahali nilipotazama, watu walikuwa na Mungu mkubwa juu na mtu fulani wa karibu wa kumtuma. Wazo hilo lingepaswa kunituliza. Badala yake lilinikaa kama kokoto ndani ya kiatu.

Jioni, kabla ya magharibi, mjomba alichuchumaa kaburini akaachia unga kidogo kidogo katikati ya vidole. Alikuwa akiita majina ya ukoo kwa sauti ya chini, na unga ukapanda ukawa kichuguu kidogo chenye ncha. Akaufunika kwa bakuli la udongo. Ukikutwa asubuhi umesimama vilevile, akanieleza, mama amepokelewa. Ukibomoka, basi wana neno jingine.

Alfajiri adhana ilipolia, mama na mjomba walikwenda kuswali. Mimi nilibaki barazani, sina swala ya saa hiyo wala usingizi. Nilijaribu kusema Baba Yetu nikaishia katikati. Mawazo yangu yalikuwa kaburini. Nilijiambia nakwenda chooni, lakini miguu ilipinda upande mwingine.

Nikanyanyua bakuli.

Unga ulikuwa umesimama. Ncha yake haikuguswa, safi kabisa, kana kwamba mjomba ameondoa mkono sasa hivi. Nilifurahi hata nikasema "asante" bila kujua namwambia nani. Kisha nikarudisha bakuli, na kwa haraka yangu ukingo ukagusa ile ncha. Nikanyanyua tena kuona. Upande mmoja ulikuwa umeporomoka. Nikajaribu kuusimamisha kwa vidole, nao ukazidi kuanguka. Nikafunika. Nikarudi barazani nikajifuta mikono kwenye kitenge.

Walipotoka kuswali tulikwenda pamoja, watatu. Mjomba akafunua. Mama akachuchumaa karibu sana na ule unga, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Wamekataa," akasema.

"Hapana. Wamesema usubiri," mjomba akamjibu, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa. Sikusema. Nilimwogopa mjomba, niliogopa ule unga, na zaidi niliogopa kwamba nilikuwa nimeharibu kitu nisichojua hata kama nakiamini.

Ndani ya basi mama hakuongea mpaka tulipopita Namtumbo. "Huko tutokako hawakunitaka," akasema, akitazama nje. "Kule kaka yako ananiona msaliti. Nitakufa nikiwa wa nani?"

Nikamnunulia ndizi. Hicho ndicho nilichoweza.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Mama aliendelea kuswali, lakini kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina watu. Mjomba akipiga simu, mama anaiacha iite. Mimi nikawa mtu wa kuhangaika. Jumatano nilikwenda kanisani nikakaa mbele ya tabernakulo, nikaondoka kabla ya dakika tano. Nilipita nje ya msikiti nikasimama kwenye duka la karibu, nikijifanya nachagua vocha. Kitubio nilikwenda, lakini ilipofika zamu yangu sikujua niitaje dhambi hiyo. Niseme nimeshiriki mizimu? Au niseme nimeiharibia mizimu kazi yake?

Asubuhi moja dukani, mzee alipomaliza kuzungusha taa yake, nikamuuliza, "Mzee, ukikosea katika ibada unafanyaje? Ukiangusha kitu, kwa mfano. Au ukisahau maneno."

Hakunicheka. Alifikiri huku akivaa viatu. "Mwisho wa ibada tunaomba radhi," akasema. "Kwa yote tuliyokosea, tunayoyajua na tusiyoyajua. Binadamu hawezi kufanya sawasawa." Akainuka. "Lakini ukimkosea mtu, hiyo si kazi ya mungu. Unakwenda kwa huyo mtu."

Jumamosi hiyo nilimkuta mama uani akichambua maharage. Nikakaa chini, nikamwambia yote, tangu adhana mpaka kitenge.

Mkono wake ukasimama ndani ya ungo. "Uliuona umesimama?"

"Ulikuwa umesimama, mama."

"Kabla hujagusa?"

"Kabla sijagusa. Ncha yake nzima."

Akaniuliza mara ya tatu, nikajibu mara ya tatu. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Siku tatu alijipikia mwenyewe. Tulipishana koridoni kama wapangaji. Siku ya nne akampigia mjomba, akaweka sauti ya juu ili nisikie, akamwambia. Nilisubiri matusi.

"Ana haraka," mjomba akasema. "Kama wewe ulivyokuwa na haraka siku ile unaondoka." Kisha akaongeza: "Mlete. Safari hii atamwaga yeye."

Nilimwambia sijui Kiyao cha kutosha, mimi ni Mkatoliki, mimi ndiye niliyeharibu. "Ndiyo maana," akajibu, akakata simu.

Kwa hiyo tulikwenda tena. Nilichuchumaa pale, unga ukiwa kiganjani, mkono unatetemeka hata kichuguu kikakataa kupanda. Mjomba akanishika kifundo cha mkono mpaka ukatulia. Maneno yakanitoka hovyo hovyo. Asubuhi walinizuia kusogea mpaka wote tukafika. Mjomba akafunua.

Ulikuwa umesimama. Mama alilia kwa sauti, akakaa chini kwenye majani yenye umande, na mjomba, ambaye hakuja kwenye harusi yake, akakaa pembeni yake.

Mama yuko Namasakata sasa. Anafagia chini ya mikorosho, anaswali, anagombana na wake za watoto wa mjomba. Siku ya Marehemu Wote alikuja Songea akapalilia kaburi la baba kwa mikono yake, na kaka akamshikia ndoo. Suala la wapi atazikwa bado halijamalizika. Kaka hakuliuliza tena.

Mimi ndiye sijatulia. Nilidhani nikiona ule unga umesimama nitapumua. Nilipumua siku mbili hivi.

Juzi kaka alinipigia simu. Tuliongea habari za mabati, bei ya mahindi, kisha akasita.

"Ulipomwaga," akaniuliza, "ulisema nini?"

Nikamwambia ukweli. Nilimwita bibi kwa Kiyao kibovu, nikamtaja Chapanga kwa Kingoni cha baba, halafu mkono ukafanya ishara ya msalaba wenyewe, kwa mazoea, na unga ukanimwagikia kifuani.

Kaka akashusha sauti.

"Na akasikia?"

"Nani?"

"Sijui," kaka akasema. "Nakuuliza wewe."